Baraza la Bambo

Niliwasili Busia mwaka 2005, masika yakiwa yamekolea, baada ya safari ya mchana na usiku kutoka Mombasa. Na katika mkoba wangu, pamoja na nguo chache na tasbihi ya marehemu baba, nilikuwa nimebeba taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa jicho la mwanadamu, lakini ambao ukiangukia sumukuvu huifanya iwake gizani. Nilikuwa kijana, nina shahada ya kemia ya uchanganuzi, na yakini yangu ilikuwa kubwa kuliko maarifa yangu. Niliamini kwamba ukweli wa mahindi yote yatakayovuka mpaka umo ndani ya taa ile na ndani ya chupa zangu za methanoli, na kwamba mtu asiyejua kuvitumia hakuwa na la kunifunza.

Sababu ya kupelekwa kwangu mpakani kupima mahindi ilikuwa nzito. Mwaka uliotangulia, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua, na 125 miongoni mwao wakafariki, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yakaota kuvu. Wala haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa huko Machakos kwa maradhi hayo hayo ya ini, na 12 hawakurudi makwao. Ulimwengu ulianza kuitambua sumu ya kuvu hiyo mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa chakula kilichotiwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Na wataalamu walioichambua wakazipa namna zake majina kwa rangi zilizotoa chini ya taa, B kwa ile ya buluu na G kwa ile ya kijani, kwa kufuata herufi za kwanza za majina ya rangi hizo katika Kiingereza. Basi taa niliyoibeba ilikuwa na nasaba, nami nilijivunia nasaba hiyo kana kwamba ni yangu.

Asiyezifahamu Busia na Malaba na ajue kwamba ni miji miwili ya mpaka mmoja, baina yao pana mwendo wa kilomita 30 hivi, na njia hupita Alupe, ambako wako watafiti wa mimea na watafiti wa maradhi, na hospitali kongwe ya ukoma. Malaba ndiko ipitako reli, na ndiko yapangikako malori ya makasha na ya mafuta hata foleni ikapotelea upeoni. Ukisimama hapo asubuhi isiyo na ukungu utaliona jabali la Tororo limeinuka ng'ambo kama merikebu iliyokwama. Busia ina biashara ndogo ndogo zaidi, ya kina mama na ya baiskeli, na neno bodaboda ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima lilizaliwa katika mpaka huu, vinywani mwa vijana waliokuwa wakiwabeba wasafiri kutoka kizuizi kimoja hadi cha pili. Wateso wako pande zote mbili, Wasamia kadhalika, na aghalabu bibi harusi huvuka mpaka bila kutoka ukooni. Hapa ndipo hupita mahindi ya Uganda, nchi ijaliwayo mavuno mawili kwa mwaka, kuja kulisha Kenya.

Kiwango cha Afrika Mashariki chasema kwamba sumukuvu yote katika mahindi isizidi sehemu 10 katika bilioni, na ile B ya kwanza, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Unyevu nao usipite asilimia 13.5. Namba hizi nilizijua kwa moyo, lakini sikuzitafakari mpaka siku moja nilipokaa nikapiga hesabu ya lori la tani 28. Nikaona kwamba mzigo huo wote, magunia 311 ya kilo tisini tisini, hufikia ukomo wa sheria kwa gramu 0.28 tu ya sumu, yaani chini ya chumvi ambayo mtu hushika kwa ncha za vidole viwili akaitia mchuzini. Nami nilitakiwa kuitafuta chembe hiyo iliyotawanyika ndani ya lori, bila kulimaliza lori lenyewe kwa kulisaga.

Kwetu Mwambao nyumba haihesabiwi kuwa nyumba bila baraza, kwa maana hapo ndipo mambo ya mji yanapopimwa kabla hayajafika kwa kadhi. Sikutegemea kulikuta baraza kazini kwangu Malaba, nikalikuta: gogo la mvule chini ya mwembe, ubavuni mwa yadi ya malori, mbele ya kibanda cha mama mmoja auzaye chai na mandazi. Pale walikuja mawakala wa forodha wenye karatasi kwapani, madereva na mautingo wao, makuli wa kushusha magunia, kina mama wafanyao biashara ya nafaka, mtafiti mmoja mmoja kutoka Alupe au kutoka vyuo vikuu, na jioni, kazi ikilegea, mkaguzi kutoka upande wa pili wa mpaka, ambaye nitamwita mwenzangu kwa kuwa ndivyo alivyokuja kuwa. Na juu ya wote alikuwapo mzee mmoja wa Kiteso, mwenye bambo.

Bambo, kwa wasioliona, ni chuma chembamba chenye mfereji, ambacho huchomwa gunia nacho kikarudi na punje kutoka tumboni mwake bila ya gunia kufunguliwa. Mzee yule alilishika bambo miaka mingi kuliko umri wangu, akiwachomea wanunuzi wa nafaka wa pande zote mbili. Alikuwa akilichoma gunia huku amefumba macho, na kwa sauti ya punje zilipokuwa zikiteremka mferejini aliweza kusema kama zimekauka au la. Nilimheshimu kwa uzee wake, kama nilivyolelewa, lakini kwa elimu sikumhesabu.

Katika mwaka wangu wa pili lilikuja lori kutoka Busoga, mzigo wa mama mmoja ambaye alikuwa ameuza ng'ombe ili aongeze mtaji. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nikachukua kilo moja moja kutoka magunia matano yaliyokuwa mlangoni pa lori, nikarudi maabara, nikasaga, nikachuja, nikapima, nikapata 23. Lori likazuiwa. Yule mama alinionyesha hati ya ng'ambo, yenye jina la yule mwenzangu mkaguzi, isemayo chini ya 5, nami nikaandika, kwa wino na kwa muhuri, maneno yaliyomaanisha kwamba hati ile ni ya uongo. Siku tisa lori lilisimama pale, turubai likivuja, na kila asubuhi nilimkuta yule mama ameketi kwenye ngazi ya kupandia kwa dereva, hasemi neno.

Siku ya tisa mzee wa bambo aliniita gogoni. "Mwanangu," alisema, "umepima mahindi ya nani?"

"Ya lori lile, mzee."

"La. Umepima mahindi ya mlangoni. Ya lori hujayapima bado."

Hakuniaibisha mbele ya watu. Alingoja mpaka nilipokuwa peke yangu. Kesho yake tulishusha mzigo, yeye na mimi na makuli sita, na bambo likaingia katika kila gunia la tatu, juu, kati na chini. Tulimwaga punje zote juu ya turubai kavu, tukazichanganya kwa sepetu, tukazigawa mafungu manne, tukatupa mawili ya pembe zinazotazamana, tukachanganya na kugawa tena, hata zikabaki kilo tano. Na hizo kilo tano tulizisaga zote, wala hatukuchota kiganja kimoja cha kusaga kama nilivyozoea kufanya. Nilipima mara tatu. Nilipata 4, na 6, na 4.

Baadaye nilisoma yale niliyopaswa kuyajua kabla sijafunga mkoba wangu Mombasa. Kuvu haikai katika mahindi kama chumvi ikaavyo katika maji ya bahari. Hukaa punje hii ikaiacha ile, na wataalamu wamekwisha kupata punje moja ya mahindi yenye sumukuvu zaidi ya sehemu 400,000 katika bilioni. Punje kama hiyo, yenye uzito wa thuluthi ya gramu hivi, ikiangukia ndani ya kilo tano za punje safi kabisa, yatosha peke yake kuzipandisha kilo hizo hadi 24 au zaidi. Namba yangu ilikuwa 23. Huenda basi nililizuia lori zima kwa ajili ya punje moja. Na lililonikosesha usingizi zaidi ni kinyume chake, yaani malori ambayo punje zake mbaya bambo langu la mlangoni halikuzigusa, nami nikayagongea muhuri yaende mezani kwa watu. Thomas Whitaker na wenzake, huko North Carolina, walieleza miaka mingi kwamba sehemu kubwa ya kosa katika kupima sumukuvu haitoki katika chombo wala katika dawa, hutoka katika kuchukua sampuli. Mzee wa Malaba alikuwa akisema hayo hayo gogoni kwa bei ya kikombe cha chai, na mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake mwaka mzima.

Niliandika waraka wa kuikana hati yangu ya kwanza. Mkubwa mmoja wa kazi alinishauri nisiandike, akihofia kwamba ofisi ikikiri kosa moja itadaiwa mia. Niliandika. Kisha nikavuka mpaka kwa miguu kwenda kumtaka radhi mwenzangu, ambaye jina lake nilikuwa nimelitia doa, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Na wewe unatumia methanoli kiasi gani kwa gramu ngapi?" Hapo ndipo udugu wetu ulipoanzia.

Tukapatana jambo ambalo halikuandikwa popote. Kila mwezi mzee angetuchagulia mahindi, tuyasage laini, tuyachanganye sana, tuyagawe makopo mawili, kopo moja kwake na moja kwangu; kila mmoja apime kwa njia yake, aandike namba kwenye karatasi, aikunje, na karatasi mbili zifunguliwe pamoja gogoni. Wenye maabara kubwa hufanya hivyo kwa taratibu za kimataifa na kwa gharama kubwa. Sisi tulifanya kwa makopo ya mafuta ya kupikia yaliyooshwa. Mwezi wa kwanza mimi nilileta 14, yeye 8. Mwezi wa pili nilikuwa juu tena, na wa tatu vile vile.

Nilitaka kukata tamaa, mpaka mtafiti mmoja wa kike, aliyekuja kufanya kazi yake ya shahada ya uzamivu juu ya mahindi ya mpakani, alipotueleza habari za William Horwitz wa Marekani. Bwana huyo, mwaka 1980, alikusanya majaribio mengi ambamo maabara nyingi zilipima kitu kimoja, akaona kwamba kadiri kitu kinavyokuwa haba ndivyo maabara zinavyozidi kuhitilafiana, hata kwa hesabu yake, ukifika kwenye sehemu 10 katika bilioni, tofauti ya thuluthi moja baina ya wapimaji waaminifu ni jambo la kawaida. Naam, palepale sheria ilipopiga mstari wake ndipo watu wawili wakweli huweza kusimama pande mbili za mstari! Nilipoyasikia hayo nilikumbuka maneno niliyoyaandika kwa wino juu ya mwenzangu, moyo ukaniuma upya.

Lakini yule dada hakuniacha nijifiche nyuma ya Horwitz. "Tofauti ya kubahatisha huenda juu na chini," alisema. "Yako huenda juu siku zote. Hiyo ina sababu, kaka." Aliomba kuiona maabara. Alipoingia hakuitazama mizani wala taa. Alitazama rafu iliyokuwa mkabala wa dirisha, palipokuwa na chupa yangu ya sumukuvu safi, ile ambayo vipimo vyote hulinganishwa nayo. Sumukuvu huharibiwa na nuru. Na chupa yangu ilikuwa nyeupe, juani, na friji yangu ilizimika kila umeme ulipokatika. Kipimo rejea kilikuwa kimefifia, basi kila mahindi niliyoyalinganisha nacho yakaonekana mabaya kuliko yalivyo. Safari iliyofuata alikuja na chupa ndogo ya kahawia kutoka Nairobi, ameifunga ndani ya skafu yake. Mwezi ule karatasi zilipofunguliwa, yangu ilisema 11, ya mwenzangu 9, na mzee akaagiza mandazi.

Nilipata kuhudhuria makongamano mawili matatu ya wasomi, na siyadharau. NAPRECA, mtandao wa watafiti wa mazao ya asili wa Afrika Mashariki na Kati, umewaunganisha watu tangu mwaka 1984. Na wakemia wa uchanganuzi wa Kusini na Mashariki mwa bara hili wana wao, SEANAC, ulioanzia Gaborone mwanzoni mwa karne hii. Humo nilijifunza juu ya mashine ambazo Malaba hatukuwa nazo. Hata hivyo sikuwahi kuona ukumbini mtu akisimama na kusema kwamba chupa yake imekaa juani, wala sidhani kwamba yupo awezaye kulisema hilo mbele ya watu mia, kwa kuwa jambo la namna hiyo lataka watu wanne watano, chai, na mtu ambaye jana ulimsaidia.

Elimu haikutoka kwa wasomi peke yao. Mama mmoja wa Busia, ambaye kila siku alinunua debe mbili tatu kutoka ng'ambo na kuziuza Marachi, alinionyesha chupa yake ya soda iliyokauka kabisa: hutia kiganja cha mahindi na chumvi kavu, akatikisa, akaiacha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana maji, hayafai kuwekwa; ikianguka chini yote, huyanunua. Yule mtafiti alilipima jambo hilo kwa mashine ya unyevu, akakuta chumvi huanza kuganda unyevu unapokaribia asilimia 15, jambo ambalo wataalamu wa kilimo walilijua tayari. Haikufika kwenye 13.5 ya sheria, lakini kwa mtu asiye na fedha ya mashine ilitenga mahindi ya kuoza na ya kuweka. Naye mama akauliza jambo ambalo sisi hatukuwa tumeliuliza: kwa nini twapima mpakani, ilhali kuvu huingia shambani na uani, mahindi yanapoanikwa mchangani? Kuanzia hapo mazungumzo ya gogoni yaligeuka kwa sehemu kubwa kuwa ya maturubai.

Sina budi kutaja hatari ya baraza kama lile, kwa sababu mpimaji na mpimiwa wakinywa chai pamoja, mwenye dhana mbaya ana haki ya kuuliza. Mzee ndiye aliyeweka kanuni: mwenye lori lililo yadini siku hiyo halipii chai ya mtu, na mzigo ambao haujapimwa hautajwi. Wakala mmoja aliivunja, akaleta soda kwa wote. Zilibaki juu ya gogo mpaka jioni, hakuna aliyezifungua, na mama wa chai akazirudisha dukani.

Miaka ilikwenda. Mnamo Februari 2018 Marais wa nchi mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, na watumishi wa Kenya na Uganda wakaanza kukaa chini ya paa moja, jambo ambalo sisi tulikuwa tukilifanya chini ya mwembe. Kisha, tarehe 5 Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilitangaza kusimamisha mahindi yote ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Malori yalijipanga. Madereva waliosafiri na mzigo halali siku mbili nyuma waliamka na mzigo wa haramu. Baada ya siku tano amri ililegezwa, kwa masharti: mwagizaji ajiandikishe, na mzigo uje na hati ya kiwango cha sumukuvu na hati ya asili yake.

Sumu ilikuwa kweli, na anayekumbuka makaburi ya Makueni hawezi kumlaumu mtu kwa kuiogopa. Lakini makaburi yale yalijaa kwa mahindi ya Kenya, si ya kigeni. Na lori likizuiwa barabarani, magunia hufunguliwa, hupakiwa kwenye bodaboda kidogo kidogo, na kupitishwa njia za panya ambako hakuna bambo wala taa. Siku zile tano simu yangu haikulala. Wafanyabiashara wa gogoni hawakuniomba niwapitishe. Waliuliza hati zitaandikwaje, zipimwe wapi, sampuli zichukuliwe magunia mangapi. Mwenzangu aliyajibu maswali hayo hayo upande wake, na majibu yetu yalikubaliana bila ya sisi kushauriana, kwa kuwa tulikuwa na daftari la karatasi za makopo la miaka kumi na mitano.

Mzee wa bambo hakuiona siku hiyo. Alikwisha kuzikwa kwao, karibu na Amagoro, na mwanawe analishika bambo sasa. Mimi nimestaafu, nimerudi Mombasa.

Mwezi uliopita dereva mmoja wa masafa alibisha mlango wangu na furushi kutoka Malaba. Ndani mlikuwa na kopo la mafuta ya kupikia, limezibwa kwa utepe, na juu yake maandishi ya binti aliyeshika nafasi yangu: "Baba, shikamoo. Sisi na wenzetu wa ng'ambo tumeachana kwa 5, mwezi wa pili sasa. Tafadhali tutafutie mtu wa tatu, na usitafute kujua nani amesema nini." Sina maabara tena. Lakini nina kijana niliyemfundisha, anafanya kazi Changamwe, na matatu za huko hazijaisha kabla ya Magharibi. Nililifunga kopo katika kikoi, nikatafuta viatu vyangu.